Unyayo wa Kisimani Rohiro

Ijumaa iliyopita tulimwacha Bachal amepiga magoti kando ya kisima cha Rohiro, bakuli la udongo mkononi, kinywa wazi. Mbele yake palikuwa na unyayo mmoja wa mguu wa kushoto. Hatua nne kutoka hapo alilala Kandero, shemeji wa Jam mtawala wa nchi hii, amefunikwa shuka na nzi wameshaanza kazi yao. Nyuma yake walisimama Jam mwenyewe, askari wake, na kijiji kizima cha Rohiro, wote wakingoja jina.

Kama leo ndiyo unaingia, kaa hapo nikueleze upesi, maana kuna mtu anakaribia kunyongwa. Bachal ni msoma nyayo wa Jam. Akifunika unyayo kwa bakuli na kutaja jina la mwenyewe, miguu ya mtu huyo itamleta hapo hapo kabla ya saa sita mchana ya siku ya tatu, apende asipende, hata akiwa ng'ambo ya jangwa la chumvi. Huku kwetu hakuna aliyewahi kutajwa akakosa kuja. Akishafika hunyongwa, na watu hurudi kwenye shughuli zao.

Na unyayo ule ulikuwa wa Sumar, mwizi wa ngamia, mtu ambaye Bachal anampenda kuliko macho yake mwenyewe.

Wiki nzima mmeniandikia. Mama mmoja ameniapia kwamba Bachal atamtaja, kwa sababu kazi ni kazi. Bwana mwingine anasema atazimia. Poleni, wote mmekosa.

"Simjui," Bachal alisema.

Akalishusha bakuli juu ya unyayo taratibu, kama afanyavyo siku zote, akasimama na kujipangusa magoti.

Watu wakaanza kunong'ona. Katika vizazi saba vya ukoo wake hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo juu ya bakuli. Babu yake aliwahi kumtaja mtu kwa alama ya kidole gumba peke yake. Vikamsi, mkuu wa askari, mtu mtaratibu anayetafuna iliki tangu asubuhi hadi jioni, aliacha kutafuna.

"Humjui," akasema.

"Mgeni. Hajawahi kupita nchi hii."

"Wewe uliyemjua ngamia wa binamu yangu kwa mavi yake."

"Ngamia wa binamu yako nilikuwa nimeshamwona, bwana mkubwa."

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Jam hakucheka. Alisema sheria ifuate mkondo wake, akapanda farasi akaondoka.

Sheria yenyewe ni hii. Kama msoma nyayo hamjui mwenye unyayo, basi kijiji ambamo umeonekana ndicho kitajibu. Wanakijiji wanapewa mpaka saa sita ya siku ya tatu waoneshe nyayo za muuaji zikitoka nje ya mipaka yao. Maneno hayatoshi. Zioneshwe mchangani, moja moja, mpaka kwenye mpaka. Wakishindwa, wanatoa mtu wao mmoja anyongwe badala yake.

Msimwone Bachal mjinga. Alikuwa na mpango. Asubuhi ile ile, kabla ya Jam kufika, alizifuata nyayo za Sumar kwa macho akaziona zikielekea kaskazini, wazi kabisa, zimekazwa na umande. Hata mtu asiyesomea angezifuata hadi jangwa la chumvi, na kwenye chumvi hakuna mguu unaoacha alama. Rohiro wangeonesha njia, wangesalimika, na kesi ingekufa huko. Uongo wa neno moja, na hakuna anayeumia.

Lakini alisahau jambo ambalo hata mchunga mbuzi mlevi analijua. Kisima kikimwagikiwa damu ya mtu, mifugo hainyweshwi hapo siku tatu. Inahamishwa siku hiyo hiyo hadi kisima cha pili. Na kisima cha pili cha Rohiro kiko kaskazini.

Alikuwa hajafika hata nje ya boma aliposikia kengele. Akageuka. Ng'ombe mia nne walikuwa wanatoka kwa njia ya kaskazini, kwato kwa kwato, na vumbi limesimama juu yao hadi kwenye matawi ya migunga.

Bachal alisimama akawatazama mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Nyayo zote zilikwisha. Mtu mwenye akili zake angelikumbuka hilo mara moja, lakini yeye asubuhi nzima alikuwa akimfikiria Sumar.

Akatembea kurudi nyumbani. Baada ya mwendo wa nusu saa hivi, alijikwaa kwenye mzizi, akageuka kuutazama kwa hasira.

Nyuma yake mchanga ulikuwa laini. Mawimbi madogo ya upepo yalikuwa mahali pake, kama vile hakuna aliyepita. Aliuona mzizi uliomkwaza. Hakuuona mguu wake.

Akakanyaga kwa nguvu. Akaruka. Akapiga magoti, akakandamiza kiganja, na akakitoa. Mchanga ulikuwa vile vile ulivyokuwa.

Akacheka, wasomaji wangu, kwa sababu mtu akiogopa sana hucheka. Kisha akakaa chini akalia.

* * *

Mama yake Bachal anaitwa Mai Hurmat. Alikuwa msoma nyayo kabla ya mwanawe, na macho yalipokufa akaendelea kusoma kwa vidole mpaka Jam akamwambia apumzike. Hapumziki. Kila alfajiri hutambaa uani akipapasa mchanga, ajue nani aliingia, nani alitoka, na kuku yupi ana mguu mbovu.

Asubuhi ya siku ya pili alimwita mwanawe. Alikuwa amekaa katikati ya ua, mikono imejaa mchanga.

"Jana ulirudi saa ngapi?"

"Kabla ya jua kuzama, mama. Si ulinipa maziwa?"

"Nilikupa." Akakung'uta mikono. "Nimekutafuta ua mzima tangu alfajiri. Sijakuona popote."

Bachal akaitazama miguu yake.

"Umedanganya juu ya bakuli," akasema Mai Hurmat. Hakuwa anauliza. "Sitaki kujua umemdanganyia nani. Mwanamke wa mtu, ndugu wa kunywa naye, hayo ni yako. Nisikilize tu. Una mpaka saa sita ya kesho. Urudi kwenye bakuli, utaje jina la kweli, na mchanga utakupokea. Saa sita ikikupita, watu nao watakukataa. Hawatakuona, hawatakusikia. Ndugu wa babu yangu alitaja jina la uongo, akatupotea hivyo. Miaka mingi tulikuwa tunakuta mkate umemegwa na hatujui nani ameumega."

"Na nikimtaja, mama, yeye atanyongwa."

"Ndiyo."

"Siwezi."

Mai Hurmat akafanya jambo ambalo Bachal hakuwahi kuliona. Akachota mchanga kwa viganja vyote viwili akajimwagia kichwani, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu maiti inapotolewa nyumbani.

"Basi toka," akasema. "Usinifanye nimzoee mtu ambaye kesho hatakuwepo."

Akatoka. Alipanda ngamia, maana juu ya ngamia hakuna anayeuliza nyayo zako ziko wapi.

Alipitia Rohiro. Alitaka kujua kama wamekwisha chagua mtu, na huku anaomba wawe hawajachagua. Walikuwa wamechagua. Au niseme mtu alijichagua mwenyewe: mzee Mubarak, mtengeneza ngozi, mwenye jino moja na maneno elfu. Askari walikuwa wamemfunga mguu kwenye mgunga karibu na kisima. Mkewe alikuwa ameketi naye, anamlowekea mkate wa uwele kwenye mtindi.

"Karibu, msoma nyayo," mzee akamwita. "Njoo uone bahati ya Rohiro. Wangetoa kijana, kamba ingekaza. Mimi shingo yenyewe imebaki ngozi, nitateleza nianguke nirudi nyumbani."

Mkewe akamwambia afunge mdomo ale. Mubarak akala kidogo, akamtazama Bachal juu ya ngamia.

"Babu yako nilimjua," akasema. "Huyo hakuwahi kusema simjui hata kwa unyayo wa kuku."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekumbuka siku nzuri. Bachal aliona afadhali angetukanwa, akamgeuza ngamia akamchapa mpaka boma likapotea nyuma yake.

* * *

Kwenye ukingo wa jangwa la chumvi kuna kibanda cha wachimba chumvi, kimeachwa tangu ukame ule mkubwa. Ardhi yake ni ngumu na nyeupe. Hapo hata tembo akipita hujui kama kapita. Ndiyo maana kwa miaka miwili Bachal na Sumar walikutana hapo na si penginepo. Mmoja kazi yake kusoma nyayo, mwingine kazi yake kuzificha, na hapo kwenye chumvi wote wawili walipumzika.

Sumar alikuwepo. Alikuwa amejilaza kivulini, kilemba amekifanya mto, mrefu, mwembamba, na ule uso wa dharau ambao umewatia wazimu askari wa Jam miaka kumi. Alipomwona Bachal akatabasamu.

"Bwana mkubwa wa mabakuli," akasema. "Nimekaa hapa nangoja miguu yangu initoroke. Nikasema ikianza kwenda yenyewe nitaishika kwa mikono. Haiendi. Umeniacha?"

"Nimesema sikujui."

Tabasamu likaondoka. Sumar akaketi.

Bachal alimweleza yote, ng'ombe, mzee Mubarak, mchanga. Mambo ya saa sita hakumweleza. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni siku mbili.

"Kwa nini ulimuua? Ungemfunga tu. Ungempokonya farasi ukaondoka. Umeiba miaka kumi na hujawahi kumchubua mtu."

Sumar alikuwa anachora chumvini kwa kidole, na chumvi haikubali kuchorwa.

"Alituona," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Mwezi uliopita, alikuja kutafuta ngamia aliyepotea. Wewe ulikuwa umelala, mkono wako uko hapa." Akajigusa kifuani. "Sikumsikia. Juzi tukakutana kisimani, uso kwa uso, akaniambia mwenyewe. Nilidhani anataka nimpe ngamia. Hakutaka ngamia. Alisema mimi nitanyongwa tu, hilo ni la kawaida, lakini wewe atakupeleka mbele ya Jam ukatwe miguu yote miwili kwanza, na mama yako asimame hapo asikie. Alikuwa anacheka. Basi."

Bachal alimtazama, na kila kitu kilimjia kwa pamoja, hasira, na aibu, na upendo uliomjaa mpaka kifua kikauma. Mtu huyu alikuwa ameua kwa ajili yake. Na yeye kwa kumficha alikuwa anamuua mzee mwenye jino moja.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia, ungekwenda kujitangaza mwenyewe. Nakujua."

Jua lilikuwa kali na chumvi inawaka hadi upeo. Sumar akamshika mkono, akakikunjua kiganja chake, akaweka chake ndani yake.

"Nitaje," akasema.

"Nyamaza."

"Nisikilize wewe mtu mkaidi. Nimeiba ngamia mia na zaidi, na farasi wa harusi ya Jam mwenyewe. Sijawahi kuiba shingo ya mtu. Huyo mzee wako sitaki kumbeba. Ukinitaja anarudi kwa mkewe, na wewe mchanga unakupokea tena. Mimi nilikuwa nife kwa kamba siku moja, leo au mwakani, wote tunajua. Angalau jina langu liwe mdomoni mwako na si mdomoni mwa Vikamsi."

"Sitakutaja, Sumar."

"Basi nitakwenda mwenyewe kesho asubuhi. Ngamia wangu anafika Rohiro kabla ya jua kupanda sana."

Alisema vile kama mtu anayepanga safari ya sokoni. Bachal alijua anamaanisha. Alimkumbatia, akaficha uso shingoni mwake, akakaa hivyo mpaka pumzi zao zikawa sawa. Sumar alikuwa hajalala siku mbili. Kichwa kikamlemea, akasinzia pale pale, katika joto la mchana, mdomo wazi kidogo.

Bachal akamlaza polepole. Akamwachia kiriba chake cha maji na mkate wote aliokuwa nao. Akambusu kwenye paji la uso. Kisha akawafungua ngamia wote wawili, wake na wa Sumar, akaondoka nao.

Kwa ngamia, kutoka kibandani hadi Rohiro ni nusu siku. Kwa miguu, juu ya chumvi ile inayokata kama vigae, mtu hodari anayeanza jioni hafiki kabla ya saa sita ya kesho yake. Bachal hakuhitaji zaidi ya hapo.

* * *

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, Rohiro walikuwa wamejaa kisimani. Kamba ilikuwa imeshatundikwa kwenye mgunga. Mubarak alikuwa amevaa kilemba kipya na anamlalamikia askari kwamba fundo limefungwa vibaya. Vikamsi alimwuliza mkuu wa kijiji kama wana nyayo za kuonesha. Mkuu wa kijiji alionesha njia ya kaskazini, iliyosagwa na kwato, akainamisha kichwa.

Mai Hurmat naye alikuwepo. Alikuja kwa punda, akakaa pembeni peke yake, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Bachal akashuka kwenye ngamia. Akapita katikati ya watu, akasimama kando ya bakuli.

"Nilidanganya," akasema kwa sauti. "Mwachieni mzee. Unyayo huu ninaujua. Ni wangu. Kandero nimemuua mimi."

Hata Mubarak aliacha kulalamika. Mai Hurmat aliinua uso wake uliokufa macho.

Vikamsi alisogea. Alikuwa anatafuna iliki taratibu sana.

"Vizuri," akasema. "Nilijua kuna kitu. Basi kazi ni rahisi." Akainua bakuli akaliweka kando, unyayo ukaonekana, kamili kama ulivyoachwa. "Vua kiatu. Kanyaga hapa pembeni tulinganishe."

Hilo, wasomaji wangu, Bachal hakulifikiria. Alikuwa amejiandaa kwa kamba, na kwa matusi, hata kwa kilio cha mama yake. Akavua kiatu polepole, kama vile mchanga utabadili nia akichelewa. Akakanyaga. Akauondoa mguu.

Hapakuwa na kitu.

Vikamsi akamwambia akanyage tena. Akakanyaga. Wanawake wa mbele walirudi nyuma wakifunika nyuso. Askari mmoja kijana akaanza kusoma dua.

"Mchanga haumjui," akasema Vikamsi. Safari hii sauti yake haikuwa na dharau, ilikuwa na hofu. "Huyu ni maiti. Maiti haikiri kosa, na hainyongwi. Maneno yake hayapo. Mleteni mzee."

"Vikamsi, nisikilize..."

"Mleteni mzee, nimesema."

Wakamfungua Mubarak mguu wakampandisha kwenye jiwe. Mkewe akaanza kuomboleza. Bachal alimkimbilia yule askari mwenye kamba, akamshika mkono, na askari akamsukuma, akaanguka kifudifudi. Alipokuwa chini pale alikiona kivuli cha nguzo ya kisima. Kilikuwa kimejikunja chini ya nguzo yenyewe. Saa sita.

Alisimama. Alipiga kelele. Hakuna aliyegeuka.

Alimwita mkuu wa kijiji, na mkuu wa kijiji akapangusa jasho akimtazama yeye, kupitia yeye, akitazama mgunga. Alisimama mbele ya Vikamsi, pua kwa pua, akamtukania mama. Vikamsi alikuwa anamuuliza askari wake msoma nyayo amekwenda wapi.

Na hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya umati.

"Mteremsheni huyo mzee. Mnamkosea adabu."

Umati ukafunguka. Sumar alikuwa anakuja kwa miguu. Niseme miguu, ila ilikuwa nyama na damu, chumvi imeikata mpaka vifundoni, na kila hatua aliyopiga ilibaki nyekundu mchangani. Alikuwa ametembea usiku kucha na asubuhi yote. Alifika kwenye ule unyayo uliokuwa wazi, akaweka mguu wake wa kushoto ndani yake. Ukaingia sawasawa.

"Mimi ni Sumar mwana wa Jiand," akasema. "Kandero nimemuua mimi, na sijutii. Nimekuja bila kutajwa, hilo mliandike. Lakini najua sheria yenu, hamwezi kunivisha kamba mpaka jina langu lisemwe juu ya bakuli. Basi nataka alitaje Bachal. Si mwingine. Bachal yuko wapi?"

Bachal alikuwa mbele yake. Mkono mmoja tu kati yao.

"Niko hapa," akasema. "Sumar. Niko hapa, nitazame."

Sumar alikuwa anazungusha macho usoni mwa watu, mmoja baada ya mwingine, kwa wasiwasi uliokuwa unaongezeka. Akayapitisha juu ya Bachal bila kusimama.

Bachal alinyoosha mkono akamgusa shavu. Sumar akapunga mkono wake karibu na uso, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea kutafuta.

"Alikuwa hapa mpaka saa sita ilipoingia," akasema Vikamsi. "Ameshakufa, mwizi. Kwa ajili yako, nadhani."

Hapo Sumar alielewa. Mtu ambaye askari wa Jam hawakuwahi kumwona akiogopa aliketi mchangani juu ya damu yake. Askari wakamfunga mikono na wala hakuitazama kamba. Alikuwa anauliza tu, kwa sauti ndogo, saa sita imepita muda gani, saa sita imepita muda gani.

Vikamsi alikuwa na kazi ya kumaliza. Akaenda kwa Mai Hurmat, akainama kwa heshima, akamwambia kwamba sasa msoma nyayo aliyebaki ni yeye. Akamwongoza hadi kisimani, akamkalisha kando ya unyayo, akampa bakuli. Akitamka jina la Sumar, mzee Mubarak atakwenda zake. Asipolitamka, mzee atanyongwa sasa hivi, kama kijiji kilivyokubali.

Mai Hurmat aliupapasa unyayo kwa vidole, kisigino, wayo, kidole kimoja kimoja. Hakuwa na haraka.

Bachal akapiga magoti nyuma yake, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Mama, usimtaje. Mama, nakuomba. Mama."

Vidole vya Mai Hurmat vikasimama.

"Nani huyu ananipumulia sikioni?" akauliza.

"Hakuna mtu karibu yako, Mai," akasema Vikamsi.

Yeye hakuwa na macho ya kumkosa mtu nayo. Akapeleka mkono wake wa kushoto nyuma, akapapasa hewani ambapo kila mmoja aliona hewa tupu, na vidole vikafunga juu ya kifundo cha mkono. Akavikaza mpaka kucha zikaingia. Akageuza uso upande aliposikia Sumar analia, kisha upande wa pumzi ile.

"Kumbe ni huyu," akasema polepole. "Kumbe ni kwa huyu ulidanganya."

Hakumwachia mwanawe. Na kwa mkono wa kulia akainua bakuli juu ya unyayo, akafungua kinywa.